Lumbesa ya Maneno

Mkulima wa bonde la Kilombero hahitaji kufundishwa lumbesa ni nini. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linavishwa kilemba, linashonwa kwa kamba juu ya kilemba hicho, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inaikataza, watu wa vipimo wanaipigia kelele miaka nenda miaka rudi, na bado inapakiwa kwenye malori. Sisi vijana wa Ifakara tumeilaani sana lumbesa. Tumeitungia mashairi, tumeiigiza jukwaani, tumeitolea mfano kila tunapotaka kuonyesha mkulima anavyonyonywa. Sasa nauliza, ndugu zangu waandishi: mbona kuna lumbesa nyingine, ya maneno, tunaijaza wenyewe kwa mikono yetu, tunalipwa vijisenti, na tunaona ni ujanja wa mjini?

Nazungumzia hii biashara ya "kupandisha tovuti Google". Wenyewe wanaiita SEO, herufi tatu ambazo siku hizi zinatamkwa kwa heshima kama digrii. Mwenye gesti, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mwenye gari la kupeleka watalii Udzungwa, wote wameambiwa kwamba asiye na tovuti hayupo duniani. Haya, wamefungua. Umepita mwezi, imepita miezi mitatu, simu hailii. Ndipo anapotokea kijana mwenye kompyuta begani na maneno matamu: "Mzee, tovuti yako haina linki. Nikikuwekea linki mia tano utakaa ukurasa wa kwanza." Mzee anauliza linki ni kitu gani. Anaambiwa ni kama kura. Anatoa hela. Kaingizwa mjini bila hata kupanda basi la Dar.

Tena angalia: kijana hakudanganya aliposema linki ni kama kura. Kadanganya katika yaliyofuata. Na kwa kuwa wengi wetu tunapenda kulalamika juu ya chombo tusichokijua kinavyofanya kazi, hebu tukifungue chombo chenyewe kwanza.

Kuna programu zinazotembea kwenye intaneti usiku na mchana. Wenyewe huziita buibui. Buibui anafika kwenye ukurasa, anasoma kilichoandikwa, anaona linki zilizomo, anazifuata mpaka ukurasa mwingine, na mwingine, na mwingine. Anachokusanya kinaingizwa kwenye faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu, ila hii ni kubwa kupita akili. Ukiandika "mchele wa Ifakara" kwenye simu yako, Google haitoki kwenda kuizunguka dunia wakati huo huo. Inafungua faharasa yake. Kasheshe ni kwamba kurasa zenye maneno hayo ni nyingi. Ipi ianze? Miaka ya tisini mitambo ya kutafuta ilitegemea sana kuhesabu maneno. Ukurasa uliotaja "mchele" mara hamsini ulionekana una mchele kuliko uliotaja mara tano. Wajanja wakaona mwanya. Wakajaza maneno, mengine wakayaandika kwa rangi nyeupe juu ya weupe, ili msomaji asiyaone ila buibui ayaone. Hapo ndipo lumbesa ilipoanzia.

Mwaka 1998 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, Larry Page na Sergey Brin, wakaleta wazo ambalo, kusema kweli, halikuwa jipya. Wasomi walikuwa nalo kitambo. Eugene Garfield alilipendekeza mwaka 1955 na akalifanyia kazi miaka ya sitini: ukitaka kujua andiko lipi la kisayansi lina uzito, angalia ni maandiko mangapi mengine yanalitaja. Page na Brin wakalihamishia kwenye tovuti. Ukurasa unaotajwa kwa linki na kurasa nyingi una uzito. Ukitajwa na ukurasa ambao wenyewe ni mzito, kutajwa huko kunazidi kutajwa na kurasa mia za ovyo. Tena ukurasa unaotaja wengi hugawa uzito wake kwa wote; anayemsifia kila mtu hajamsifia yeyote. Hilo hata vijiweni tunalijua.

Wenye umri wa kuikumbuka redio enzi za Radio Tanzania watanielewa upesi. Kulikuwa na watuma salamu. Mtu ananunua kadi, anaandika jina na lakabu yake, halafu orodha ya watu anaowasalimu. Wale nao wanajibu kwa kadi zao, na yeye anatajwa. Baada ya muda jina lake linajulikana toka Kigoma mpaka Mtwara, na hakuna anayejua anafanya kazi gani wala ana lipi la kusema. Umaarufu wake ni kusalimiana. Sisemi vibaya, ilikuwa burudani safi, na wapo waliopata marafiki wa kweli. Lakini hakuna mtu aliyemkopesha mtuma salamu magunia kumi ya mpunga eti kwa sababu jina lake linasomwa sana redioni. Na yule angalau alikuwepo! Linki za kununua ni kadi za salamu zilizotumwa na watu ambao hawapo kabisa.

Kwani zinatoka wapi hizo linki mia tano? Mwulize muuzaji akuonyeshe orodha, uone atakavyobabaika. Nyingine zimebandikwa kwenye tovuti za kamari na za dawa za kuongeza nguvu za kiume, kurasa ambazo hakuna binadamu anayezisoma. Nyingine zinatoka kwenye maiti. Hili la maiti wengi hawalijui, acha nilieleze. Shule, au kikundi cha akina mama, au chama cha wakulima kinafungua tovuti kwa msaada wa mradi. Mradi unakwisha, hakuna wa kulipia domeini kila mwaka, jina linaachwa. Lakini zile tovuti nyingine zilizokuwa zinakitaja kikundi bado zinakitaja. Basi mtu asiyemjua mwenyekiti wala katibu anainunua ile domeini kwa bei ya soda, si kwa sababu anakitaka kikundi, bali anautaka ule uzito wa kutajwa. Kesho ukifungua ukurasa wa akina mama wafuma mikeka unakuta matangazo ya kubeti. Kisha linki kutoka humo inauzwa kwa mwenye gesti wetu kama "linki ya nguvu". Mwezi Machi 2024 Google iliutaja waziwazi mchezo huu wa domeini zilizoachwa kuwa miongoni mwa udanganyifu inaoupiga vita. Mimi nauona kama kuvaa nguo za marehemu na kwenda kukopa dukani kwa jina lake.

Maana msidhani Google wamelala. Januari 2005 wao pamoja na Yahoo na Microsoft walikubaliana juu ya alama ndogo, nofollow, ambayo mwenye ukurasa anaiweka kwenye linki kuuambia mtambo: hii usiihesabu kama kura yangu. Aprili 2012 wakatoa mabadiliko yaliyopewa jina la Penguin, mahsusi kwa linki za ujanja ujanja, na tovuti zilizokuwa zinatesa juu zikaporomoka. Tangu 2016 kazi hiyo inafanyika wakati wote, na mara nyingi linki ya ovyo haipewi hata adhabu. Inapuuzwa tu. Hii ndiyo sehemu inayoniuma kuliko zote. Mzee wa watu ametoa laki na nusu, hakupanda, hakushuka, hakujua. Ni sawa na kumwaga mbegu juu ya lami. Muuzaji akiulizwa anasema, "Subiri, mzee, Google inachukua muda."

Wakubwa nao waliumbuka. Februari 2006 tovuti ya Kijerumani ya BMW iliondolewa kwenye faharasa ya Google kwa sababu ilikuwa na kurasa zilizojazwa maneno kwa ajili ya buibui, kurasa ambazo mgeni wa kawaida hakuziona. Februari 2011 gazeti la New York Times likafichua kwamba maduka ya JC Penney ya Marekani yalikuwa yanabebwa na maelfu ya linki kutoka kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na nguo wala mazulia. Google ikayashusha. Kama BMW waliingia matatani, itakuwa gesti ya vyumba nane hapa Ifakara? BMW wana wanasheria na matangazo ya televisheni; waliomba, wakarudishwa haraka. Mwenye gesti ataomba kwa nani?

Najua jibu la wauza linki. Watasema: kila mtu anafanya, sokoni hakuna malaika, mbona mchele wa kila mahali unaitwa wa Kyela ukifika Dar es Salaam? Kweli, tunaujua mchezo huo. Mpunga wetu umelimwa huku, umekobolewa huku, ukifika mjini unavishwa jina la Kyela kwa sababu Kyela ina sifa. Lakini hebu tujiulize, Kyela ilipataje sifa hiyo? Walipika watu, wakala, wakasimulia. Jina likajengwa na midomo iliyoonja. Anayeliiba anaiba kwa sababu lina kitu ndani. Sasa wewe badala ya kudai mchele wa Ifakara utajwe kwa jina lake, unakwenda kununua midomo ambayo haijaonja chochote!

Turudi hapa hapa nyumbani, maana tunao mfano ambao unawatia aibu wauza linki wote, na unapita mbele ya macho yetu kila siku. Andika neno "Ifakara" kwenye mtambo wowote wa kutafuta, lugha yoyote. Hutakwenda mbali kabla hujakutana na malaria na mbu. Kwa nini? Kwa sababu miaka ya hamsini Mswisi Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara ndogo hapa, maabara ikakua, ikabadilishwa majina, na tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Watu wa taasisi hiyo hawakununua kutajwa. Walikwenda Namawala kuhesabu mbu. Walikwenda Idete, kijiji ambacho wengine hapa mjini hawajawahi kukanyaga, wakafanya jaribio la chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, matokeo yakachapishwa mwaka 1994 na dunia nzima ya madaktari ikayasoma. Mwishoni mwa miaka ya tisini wakasambaza vyandarua Kilombero na Ulanga, vyandarua na dawa yake vikauzwa kwa jina la Zuia Mbu, na yaliyojulikana hapo yakatumiwa kupanga mambo ya nchi nzima. Wakabuni mtego wa mbu wenye umbo la hema, ukaitwa kwa jina la Ifakara. Kila mtafiti aliyefuata, awe Kenya, awe Uingereza, awe Thailand, akitaka kuandika juu ya mambo hayo ilimlazimu awataje. Si kwa hisani, si kwa mshiko. Ilimlazimu kwa sababu kilichoandikwa kilikuwa hakipo mahali pengine.

Hiyo, ndugu zangu, ndiyo linki. Kutajwa na mtu ambaye asingeweza kumaliza sentensi yake bila kukutaja.

Namawala ni kijiji cha wakulima wa mpunga. Hakina hoteli, hakina kampuni ya SEO. Lakini kwenye maandiko ya sayansi Namawala inafahamika kuliko miji mingi yenye barabara za lami. Kama kuna anayebisha, aende akatafute.

Hapa sasa ndipo ninapotaka kugombana na sisi waandishi, maana wauza linki ni wafanyabiashara tu, wanauza kinachonunuliwa. Mbu wa Kilombero wameandikwa. Je, sisi? Tafuta kwa Kiswahili habari za ngoma ya sangula uone utapata nini chenye nyama. Tafuta jinsi Wandamba wanavyochonga mtumbwi, mti upi, shoka lipi, siku ngapi. Tafuta majina ya maji: lini mto unapanda, lini unashuka, wapi kambale wanapatikana wakati bonde limekuwa ziwa. Tafuta habari za wafugaji walioondolewa bondeni kuanzia 2012, iliandikwaje na walioishi humo, wenye ng'ombe na wenye mashamba. Utaambulia vipande. Kitabu kinachosomwa hadi leo juu ya Wabena wa mtoni kiliandikwa na Waingereza, akina Culwick, kikatoka 1935, kwa Kiingereza. Kitabu kizuri juu ya reli ya TAZARA na watu wa bonde hili waliohamia kando ya stesheni zake kiliandikwa na Mmarekani, Jamie Monson, kikatoka 2009, kwa Kiingereza. Nawavulia kofia. Lakini mtoto wa Mlimba akitaka kujua kwa nini kijiji chao kiko pale kilipo, anasoma kwa lugha ya kigeni habari za bibi yake mwenyewe.

Na huku nyuma, vijana wenye kalamu wanafanya nini? Wanaandika lumbesa. Nimeiona kazi hiyo, na bila shaka nawe umeiona au umeifanya. Oda inakuja: makala ya maneno mia tano, maneno "mchele bora wa Kilombero" yatokee mara kumi na mbili, malipo hayafiki bei ya sahani ya wali na maharage. Kijana aliyekuwa anaandika hadithi nzuri anakaa chini na kuandika: "Je, unatafuta mchele bora wa Kilombero? Mchele bora wa Kilombero ni chaguo la wapenzi wa mchele bora. Katika makala hii ya mchele bora wa Kilombero utajifunza kwa nini mchele bora wa Kilombero ni bora." Mungu wangu! Halafu kesho tunashangaa hadithi zake zimekuwa kama tangazo la gari la matangazo. Mkono unazoea. Ukiuzoesha kujaza, utajaza hata kwenye barua ya rambirambi.

Nimeambiwa na rafiki zangu kwamba nasema hivi kwa kuwa nimeshiba. Njaa haina adabu, kweli. Ila tuongee kwa hesabu. Kazi hiyo ya kujaza maneno imekwisha. Tangu mwishoni mwa 2022 mashine zinaandika lumbesa hiyo kwa dakika moja, bure, bila kuomba nauli. Na katika mabadiliko yale yale ya Machi 2024, Google ilisema inazipiga vita pia kurasa zinazozalishwa kwa wingi kwa ajili ya kupanda juu tu, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Kwa hiyo kijana aliyejifunza lumbesa peke yake amejifunza fani ambayo anayeifanya bure hatakiwi, sembuse anayelipwa. Jirani zetu wa Nairobi waliyaona ya namna hii. Miaka ya 2010 vijana wengi wenye digrii waliishi kwa kuandika insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza, usiku kucha, kwa majina ya watu wengine. Hela waliipata, siwezi kubisha. Kilichobaki mkononi cha kuonyesha kwamba "hiki nimeandika mimi" hakuna.

Hata fadhila za wakubwa hazisaidii kama sababu ya kuandika ni zawadi. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Google wenyewe waliendesha shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania: andikeni makala za Wikipedia ya Kiswahili, mshinde kompyuta na simu. Makala zikamiminika. Shindano lilipokwisha washindani wengi wakaondoka, na wale wachache wa siku zote wakabaki na kazi ya kusafisha. Nani alimtaja nani baada ya hapo? Linganisha na wale waliotangulia miaka michache kabla. Ndesanjo Macha alipoanza kuandika mtandaoni kwa Kiswahili, 2004, na Issa Michuzi na picha zake, 2005, na wengine waliowafuata, walikuwa na desturi ya kuwaorodhesha wenzao pembeni mwa ukurasa. Hapakuwa na bei. Ukimsoma mmoja unavuka kwa mwingine, unabishana huku, unajibiwa kule. Msomaji wa Songea na Mtanzania wa Marekani walikutana kwenye mistari ile. Jamii ile ilipungua kwa sababu nyingi, na mojawapo nisiyoweza kuinyamazia ni kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizokuja na ada ambazo jumla yake ilizidi shilingi milioni mbili. Wengi walifunga. Waliobaki na uwezo wa kulipa ni wenye kuuza matangazo. Ukiwaondoa wenye cha kusema, unategemea buibui akute nini?

Nirudi kwa mzee wa gesti, maana sitaki aonekane mjinga. Anahitaji kupatikana, na ana haki ya kupatikana. Mwandishi kijana anaweza kumfanyia kazi halali na akalipwa vizuri kuliko kwenye lumbesa. Muulize mtu anayekuja Ifakara kwa mara ya kwanza anataka kujua nini. Anataka kujua: nikishuka stesheni ya TAZARA usiku, nitafikaje hapo, kwa bodaboda ni bei gani, mlango unafunguliwa saa ngapi, chandarua kipo, maji yapo, naweza kulipa kwa simu, kesho yake gari la Mahenge napandia wapi. Andika hayo kwa Kiswahili kinachoeleweka, weka na Kiingereza kwa mgeni wa nje, andika tarehe uliyoyaandika, na bei zikibadilika badilisha. Picha zipunguzwe uzito. Mtu anatumia bando la kuhesabu, akisubiri picha ya kitanda ifunguke dakika mbili ameshahamia kwingine. Google yenyewe siku hizi huisoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu. Jina la gesti liwekwe kwenye ramani yao, ni bure. Linki ndani ya ukurasa iseme inakokwenda: "nauli na vituo vya mabasi Ifakara", si "bofya hapa", maana buibui husoma na yale maneno linki ilimobandikwa, na "bofya hapa" haimwambii kitu. Na ile sehemu iliyofichwa ya kuorodhesha maneno ya kutafutia, ambayo kuna watu wanalipisha kuijaza, Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiiangalii kabisa.

Ukurasa wa namna hiyo atautaja nani? Mwenye gari la Udzungwa atautaja, kwa sababu wageni wake wanamuuliza watalala wapi. Mwenye gesti naye atamtaja mwenye gari. Mtu akisema huo nao ni mtindo wa nisalimie nikusalimie, nitamjibu: hapana, kuna mgeni katikati anayefaidika. Mpe mwenye mashine ya kukoboa ukurasa unaoeleza tofauti ya Supa na SARO 5, kwa nini moja inanukia zaidi na nyingine inazaa zaidi, kwa nini mchele mpya unataka maji machache kuliko uliokaa ghalani, chenga zinatokana na nini. Mama ntilie wa Dar atautuma kwa mwenzake. Mwanafunzi wa kilimo atautaja kwenye kazi yake ya darasani. Hakuna aliyelipwa, na mashine ya kukoboa imepata jina lake, si la Kyela.

Tena linki ni kama daraja, na sisi wa Ifakara madaraja tunayajua kwa uchungu. Kabla ya daraja la Kilombero, kwenda Ulanga ilikuwa ni kusubiri pantoni Kivukoni, na Januari 2016 pantoni hilo lilizama. Daraja la mita 384 lilipofunguliwa watu walivuka siku ile ile, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na ndugu, kulikuwa na soko, kulikuwa na hospitali. Nani angejenga daraja kwenda kwenye kichaka kisicho na mtu, halafu ajisifu kwamba ana madaraja mia tano?

Basi nawapa changamoto wasomaji wa kurasa hizi, wenye tovuti na wasio nayo. Mimi naandika juu ya pantoni: nani waliliendesha, foleni ilikuwaje msimu wa mvua, akina mama walikuwa wanauza nini pale ng'ambo, nini kiliwapata biashara ilipohamia darajani. Nahitaji wa kuandika sangula, awe amecheza, si amesikia. Nahitaji wa Mang'ula aandike habari za nyani wa Sanje, na wa Mngeta aandike habari za mashamba makubwa. Kila mmoja atamtaja mwenzake pale tu anapomhitaji ili sentensi yake ikamilike. Wazee wa pantoni wapo, bado wanakaa Kivukoni, na jioni huwa hawana haraka.